Jimmie Rodgers Hakuuawa na Wiski

Mazungumzo ya wapenzi wa muziki wa kantri yakifika kwa Jimmie Rodgers, na hapa Kenya huwa hayachelewi kufika, husimuliwa yale yale. Alikuwa mzururaji aliyedandia treni za mizigo. Alibuni yodeli. Alitunga kila wimbo peke yake. Wakipsigis waliposikia sauti yake kwenye gramafoni wakamfanya mungu. Alikunywa wiski hadi akafa, tena akafia studio, gitaa mkononi. Na heri alikufa mapema, husemwa mwishoni, kwa maana wasanii wa aina yake hawazeeki vizuri.

Nimeyasikia haya kwa watu ninaowaheshimu, watu wenye santuri nyingi kunishinda. Lakini karibu yote si kweli, na siwezi kuyapuuza kama porojo za jioni, kwa sababu kila dai humnyang'anya mtu fulani haki yake. Rodgers ananyang'anywa kazi yake. Wafanyakazi weusi wa Mississippi wananyang'anywa nyimbo zao, mwanamke aliyemtungia ananyang'anywa jina, wasichana wa Kericho wananyang'anywa akili zao. Na ugonjwa uliomuua mtu wa miaka 35 unafichwa nyuma ya chupa.

Tuanze na uzururaji, maana hilo ni jepesi. Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, na mji aliouita kwao ni Meridian, Mississippi, mji uliokuwa makutano ya njia kadhaa za reli. Baba yake, Aaron, alikuwa msimamizi wa kikosi cha mafundi wa reli. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado mdogo, akalelewa huku na huko kwa jamaa, na alipopata nguvu za kubeba ndoo akawa anawapelekea maji wafanyakazi wa njia. Baadaye aliajiriwa kushika breki za treni kwenye reli ya New Orleans na Northeastern. Ni kazi ya mvua na baridi, ya kuunga na kuachanisha mabehewa usiku, na ajira yenyewe haikuwa na uhakika: biashara ikipungua, unaachishwa. Ndiyo maana alionekana kuhamahama. Alikuwa akitafuta kazi nyingine, kama anavyohama kibarua yeyote wa leo. Ile picha maarufu ya kofia na ovaroli, kutoka filamu fupi ya 1929 iitwayo The Singing Brakeman, ni vazi la maonyesho. Wakati ule alikuwa ameshaacha reli kwa miaka, kwa sababu mapafu yake yalikuwa hayaiwezi tena.

Dai la yodeli linahitaji muda zaidi.

Yodeli, ule uimbaji ambao sauti huruka ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa na kurudi, ulikuwa ukisikika Marekani zamani sana kabla yake. Vikundi kutoka milima ya Alpi vilizunguka nchi hiyo katika karne ya 19, na waigizaji wa majukwaani wakauiga. Riley Puckett, mwimbaji kipofu kutoka Georgia, alirekodi wimbo wa Sleep, Baby, Sleep kwa yodeli mwaka 1924. Wimbo huohuo Rodgers aliurekodi miaka mitatu baadaye, na ulikuwa mmoja kati ya nyimbo zake mbili za kwanza kabisa. Kwa hiyo hakubuni. Alichofanya ni kuipandikiza yodeli kwenye bluzi: mstari wa kwanza, mstari huohuo tena, kisha jibu, halafu badala ya gitaa kujaza nafasi inayobaki, sauti inapasuka na kupaa. Ndivyo zilivyoundwa nyimbo zake za Blue Yodel, ambazo zilipewa namba hadi zikawa mfululizo mzima.

Na bluzi aliitoa wapi? Wale aliowabebea maji wengi wao walikuwa watu weusi, wafanyakazi wa kunyoosha reli. Walivuta chuma kizito kwa mitaimbo, na ili wote wavute kwa pigo moja, mmoja alianzisha mstari na wengine wakaitikia. Kijana mwenye ndoo alisimama hapo siku nzima kwa miaka. Hapo ndipo alipojifunza nyimbo zao, na upigaji wao wa banjo na gitaa pia. Hakuna shule nyingine iliyomfundisha kuimba namna ile.

Ndiyo maana ninashangaa kila ninapoambiwa kwamba muziki wa kantri ni muziki wa wazungu watupu na kwamba Rodgers ndiye ushahidi. Rodgers ni ushahidi wa kinyume chake. Tarehe 16 Julai 1930, huko Hollywood, alirekodi Blue Yodel namba 9, na aliyepiga tarumbeta ni Louis Armstrong, huku Lil Hardin Armstrong akiwa kwenye piano. Majina yao hayakuandikwa kwenye santuri. Mwaka 1931, mjini Louisville, alirekodi na bendi ya watu weusi waliopuliza midomo ya magudulia kutoa besi. Alirekodi pia na Wahawaii waliopiga gitaa la kulaza mapajani, ile sauti ya kulialia ambayo leo kila mtu huidhani ni ya Nashville tangu asili. Mgawanyiko ulikuwa kwenye katalogi za kampuni. Walizichapisha nyimbo za weusi katika orodha moja na za wazungu wa mashambani katika nyingine, kwa desturi za ubaguzi za wakati ule, kisha vizazi vilivyofuata vikaamini kwamba rafu za duka ndizo historia. Howlin' Wolf, jabali la bluzi kutoka Mississippi, alieleza mwenyewe kwamba alijaribu kumwiga Rodgers, yodeli ikamshinda, ikatoka ile sauti yake ya kubweka. Basi nyimbo zilikuwa zikienda na kurudi. Hilo haliondoi dhuluma: Rodgers aliweza kulala hoteli ambazo walimu wake wasingekanyaga mlangoni, na jina lake likaandikwa pale majina yao hayakuandikwa. Kusema kwamba alibuni kila kitu ni kuirudia dhuluma hiyo.

Kuhusu utunzi: hapana, hakutunga kila kitu peke yake. Dada wa mkewe, Elsie McWilliams, mpiga piano wa Meridian, alitunga au alishiriki kutunga karibu theluthi moja ya nyimbo zake, na mara nyingi jina lake halikutajwa. Rodgers hakujua kusoma noti, kwa hiyo Elsie alisafiri kwenda kumfundisha wimbo uso kwa uso kabla ya kurekodi. Mfungwa mmoja wa Texas naye alimpelekea mashairi kwa barua. Haja hii ya nyimbo mpya kila mara ilikuwa na sababu ya kibiashara: Ralph Peer, aliyemrekodi kwa ajili ya kampuni ya Victor, alipata fedha zake kutokana na hakimiliki, na wimbo wa kale usio na mwenyewe haukuleta mrabaha. Msanii aliyetaka kubaki na Peer alilazimika kuja na wimbo ambao ungeweza kusajiliwa. Rodgers alikuwa mtunzi hodari, ila zaidi alikuwa fundi wa kuushika wimbo nusunusu, awe ameuokota relini au ameupokea kwa shemeji, na kuufanya uonekane umemtokea yeye maishani. Kipaji hicho kinatosha.

Sasa nije nyumbani, kwa dai linaloniudhi kuliko yote.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika aliyeishi Afrika Kusini, alifika Kapkatet, wilaya ya Kericho, akarekodi nyimbo za Wakipsigis kadhaa zilizomtaja mtu aitwaye Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers lililopita kwenye ulimi wa Kikipsigis. Iliyopendwa zaidi iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, kinubi kikiwasindikiza. Tracey aliandika kwamba Chemirocha wao alikuwa nusu mtu na nusu swala, na kwamba wasichana walimwalika acheze kwa kuruka hadi nguo zimvuke.

Kutokana na maelezo hayo mafupi limejengwa jumba zima la uongo. Eti wamishonari, au askari, kila msimulizi na wake, walikuja na gramafoni, wenyeji wakaduwaa, wakaisujudia sauti ya mzungu asiyeonekana. Huu ni mtindo wa zamani wa kumwona Mwafrika kama mtoto anayeogopa mashine.

Hebu tuitazame Kericho ya 1950. Mashamba makubwa ya chai yalikuwa hapo tangu miaka ya 1920, yakiwa na malori, viwanda na vibarua wa mshahara. Vijana wa eneo hilo walikuwa wamerudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia, wengine wakiwa wamepigana Burma. Gramafoni ilikuwa bidhaa inayojulikana. Na ukitaka ulinganisho wa haki, nenda Zanzibar: mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili, mwaka mmoja tu baada ya Rodgers kurekodi kwa mara ya kwanza. Santuri za Siti zilibeba picha ileile ya mbwa anayesikiliza gramafoni iliyokuwa kwenye santuri za Victor. Zilipigwa pwani nzima na hadi bara. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba watu wa Mombasa walimsujudia Siti wakidhani ni mzimu. Walisikiliza, wakaimba, wakanunua nyingine. Kwa nini Wakipsigis wawe tofauti, isipokuwa kwa sababu msimulizi anataka wawe tofauti?

Usikilize wimbo wenyewe. Haulii wala haunyenyekei. Wasichana wanamwita mgeni acheze, na wanataka acheze mpaka aaibike. Nani huomba mungu wake avukwe na suruali mbele za watu? Ni utani, na ni ubunifu. Waliisikia sauti inayoruka kutoka chini hadi juu, nao ni watu ambao ngoma yao ni ya kuruka, wakampa mwenye sauti hiyo miguu ya mnyama arukaye. Hivi ndivyo watunzi hufanya kila mahali. Bob Dylan alipokusanya wanamuziki mwaka 1997 kuziimba upya nyimbo za Rodgers, waliitwa wasanii wakitoa heshima. Chemutoi Ketienya na wenzake walifanya jambo gumu zaidi: hawakurudia wimbo wa Rodgers hata kidogo, bali walimtungia wao, kwa lugha yao, wakamgeuza mhusika. Katika miaka ya 2010, maktaba ya Tracey ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells ilirudisha rekodi hizo kwa wenyewe. Ni jambo la heshima, japo lilichelewa miongo sita.

Kisha wiski.

Alikunywa, sikatai. Alikunywa, na alitumia dawa za maumivu. Lakini kilichomuua ni kifua kikuu. Aligunduliwa kuwa nacho mwaka 1924, akiwa na miaka 27. Mwaka uliotangulia yeye na mkewe Carrie walikuwa wamemzika binti yao mdogo, June, aliyefariki akiwa na miezi sita, na kazi zilikuwa za kuokoteza. Hapo ndipo daktari alipomwambia kwamba mapafu yameshikwa.

Maana ya maneno hayo mwaka 1924 ni hii. Kiini cha ugonjwa kilijulikana tangu 1882, pale Robert Koch alipokionyesha, lakini dawa ya kukiua haikuwapo. Kulikuwa na pumziko, chakula kizuri, hewa ya milimani au ya ukame, na kwa wengine kuliingizwa hewa ubavuni ili pafu lilale na kupumzika. Pumziko lenyewe lilitakiwa kuwa la miezi au miaka. Nani angelipia kodi ya nyumba muda wote huo? Ukiyafuata makazi yake kwa jicho hili, unaona njia ya mgonjwa, wala si ya mzururaji. Asheville, North Carolina, alikohamia mwaka 1927, ulikuwa mji wa milimani uliojaa hospitali za kifua kikuu. Kutoka hapo ndipo aliposikia kwamba Peer anarekodi watu Bristol, akaenda, akaimba tarehe 4 Agosti 1927. Kerrville, Texas, alikojenga jumba lake la takriban dola 50,000 mwaka 1929, nao ulijulikana kwa hewa kavu iliyopendekezwa kwa wenye mapafu mabovu. Baadaye akaliuza, akahamia San Antonio katika nyumba ndogo. Husemwa kwamba alitapanya fedha, na ni kweli alikuwa mkarimu na alipenda magari. Lakini alikuwa pia na madaktari wa kuwalipa kila alikokwenda.

Hiyo wiski nayo iwekwe mahali pake. Pombe ilikuwa marufuku Marekani tangu 1920, na hata hivyo daktari aliruhusiwa kuandika wiski kama dawa, na wagonjwa wengi waliipata kwa njia hiyo. Mtu anayekohoa damu, anayepanda jukwaani jioni na kupanda gari usiku kwenda mji mwingine, akinywa ili kikohozi kitulie apate kulala, anajiumiza. Kweli. Ila kumwita mlevi aliyejiua ni kumlaumu kwa kutotii agizo la kupumzika ambalo hakuwa na uwezo wa kulitii.

Ugonjwa aliuimba waziwazi. T.B. Blues aliirekodi Januari 1931 mjini San Antonio, na mwaka uliofuata akarekodi wimbo mwingine wa kujigamba kwamba anaushinda. Wakati ule watu walificha kifua kikuu kama aibu ya ukoo, kama wengi wanavyokificha kwetu mpaka leo, naye akakitia kwenye santuri kwa jina lake. Wakati huohuo, mapema 1931, alizunguka Texas, Oklahoma na Arkansas na mchekeshaji Will Rogers kuchangisha fedha za waathirika wa ukame. Mtu anayetaka kufa hafanyi ziara ya namna hiyo.

Mdororo Mkuu wa uchumi ndio uliombana. Marekani iliuza santuri zaidi ya milioni 100 mwaka 1927. Kufikia 1932 ziliuzwa takriban milioni 6 tu. Mrabaha wa Rodgers ulikauka pale alipouhitaji zaidi. Mei 1933 alipanda meli kutoka Galveston hadi New York akiwa na muuguzi, akaenda kurekodi apate fedha ya kuiachia familia. Kati ya tarehe 17 na 24 aliimba takriban nyimbo 12. Studio waliweka kitanda cha kukunja, akawa analala kati ya wimbo na wimbo, na siku nyingine alipumzika kabisa. Tarehe 25 alitoka kidogo kwenda ufukweni Coney Island. Usiku wa kuamkia tarehe 26 alitokwa na damu nyingi mapafuni, akafariki katika Hoteli ya Taft. Kwa hiyo hakufia studio, wala hapakuwa na gitaa mkononi. Kazi alikuwa ameimaliza siku mbili kabla. Mwili ulirudishwa Meridian kwa treni, akazikwa karibu na June.

Huwa ninaisikiliza mara kwa mara santuri ya siku ile ya mwisho, na ninawasihi wanaosema kuwa ugonjwa ndio uliompa sauti waisikilize pia. Pumzi imepungua, mistari inakatwa mifupi, yodeli inapanda kwa tahadhari. Ugonjwa unasikika ukimnyima vitu. Kinachobaki hapo ni ufundi wa mtu anayejua pa kuvuta pumzi ili asikike mzima.

Ndiyo maana dai la mwisho, kwamba alikufa wakati mwafaka, siwezi kulisikia nikanyamaza. Streptomisini ilipatikana maabara mwaka 1943, miaka kumi baada ya kifo chake. Angekuwa na miaka 46. Kufikia 1952 madaktari walikuwa na dawa tatu za kuchanganya, na kifua kikuu kikawa ugonjwa wa kupona. Katika miaka ya 1970 hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania zilishiriki majaribio yaliyoonyesha kwamba tiba ya miezi sita inatosha. Leo dawa hizo hutolewa bure katika vituo vya serikali vya nchi yetu.

Na kuhusu kuzeeka vibaya, tunaye wa kumlinganisha naye. Juma lile la Bristol mwaka 1927, familia ya Carter ilirekodi kwa mara ya kwanza siku chache kabla yake, na mpiga gitaa wao alikuwa msichana wa miaka 18, Maybelle Carter. Mwaka 1931 walikutana Louisville, na katika baadhi ya nyimbo Maybelle ndiye aliyempigia gitaa, kwa sababu Rodgers alikuwa hoi. Rodgers alipoingizwa kwenye Jumba la Heshima la muziki wa kantri mwaka 1961, katika kundi la kwanza pamoja na Hank Williams na Fred Rose, wote watatu walikuwa marehemu. Maybelle alikuwa bado akizunguka majukwaani. Miaka ya 1960 alisafiri na Johnny Cash, vijana wa muziki wa kiasili wakampokea kwa shangwe, na mwaka 1971, akiwa na miaka 62, akarekodi albamu pamoja na wanamuziki ambao wangeweza kuwa wajukuu zake, na mkono wake kwenye nyuzi ulikuwa haujapoteza kitu. Alifariki mwaka 1978.